Watumbuizi Wasionyamaza: Sauti na Usingizi katika Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Msomaji wa magazeti ya Kiswahili hukikuta kitenzi kutumbuiza katika taarifa za tamasha na harusi: bendi imeutumbuiza umati, kwaya imewatumbuiza wageni, na kadiri vipaza sauti vinavyovuma ndivyo utumbuizaji unavyosifiwa. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inakipa kitenzi hicho hicho maana ya kutuliza kwa kuimba, na hata ya kumwimbia mtu mpaka asinzie. Neno moja, basi, limebeba kazi mbili zinazoelekea kupingana: kuwachangamsha watu na kuwalaza. Kazi ya kwanza imestawi. Ya pili imehamishiwa katika istilahi nyingine, yaani bembelezi, bembea na pembejezi, ambazo aghalabu hupewa aya moja au mbili katika vitabu vya fasihi simulizi vya shule za upili, kisha mwandishi akaendelea na tanzu anazozihesabu kuwa nzito zaidi.

Makala haya yanadhamiria kuufuatilia utumbuizaji wa usingizi kama suala la historia ya fasihi. Hoja yake ya msingi ni kwamba sauti iletayo usingizi, kama inavyojitokeza katika ushairi wa Waswahili, ni kazi, na kila kazi ina mwenye kuifanya. Uhakiki umezoea kumtazama yule aliyelala: tajiri katika kitanda chake, mume katika pumziko lake, mtoto katika mbeleko. Aliyebaki macho akiimba ametajwa kwa nadra sana. Ili kuithibitisha hoja hii, matini mbili za karne ya 19 zitachunguzwa, nazo ni Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, kisha zitalinganishwa na bembelezi, utanzu ambao kimakosa umehesabiwa kuwa mali ya watoto peke yao.

Neno na bahari yake

Yafaa kuanza kwa tahadhari. Haitakuwa sahihi kudai kwamba kutumbuiza kulianza na usingizi, kisha kukapotoka kuelekea jukwaani. Katika ushairi wa kale wa pwani ya kaskazini, utumbuizo ni jina la bahari mahususi: utungo usiogawanywa katika beti, wenye mishororo mirefu na kina kimoja kinachorejea tangu mwanzo hadi mwisho. Bahari hii imehusishwa na ngoma ya gungu na na tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Gungu haikuwa ngoma ya kulaza mtu. Ilikuwa ngoma ya sherehe na ya watu wa heshima. Kwa hiyo tangu zamani neno hili lilikuwa na nyuso mbili, na kilichoziunganisha ni dhana ya kuliwaza: kuuondoa moyo katika taabu yake, ama kwa kuupeleka kwenye furaha, ama kwa kuupeleka kwenye pumziko.

Hata hivyo, umbo la bahari yenyewe lina la kumwambia mhakiki. Kina kisichobadilika humwondolea msikilizaji haja ya kutarajia jambo jipya. Sikio likishaizoea sauti ya mwisho wa mshororo, halishtuki tena. Linangoja kile linachokijua, na linakipata. Hii ndiyo kanuni inayotawala bembelezi pia, ambamo neno moja au kiitikio kimoja hurudiwa mpaka kazi yake itimie. Mfanano huu hautoshi kuthibitisha kwamba bahari ya utumbuizo ilizaliwa kutokana na nyimbo za kulaza watoto. Unatosha, hata hivyo, kuutilia shaka ukuta uliojengwa baina ya utumbuizo kama ushairi andishi wa hadhi ya juu na bembelezi kama wimbo wa jikoni na uani. Ukuta huo ni wa wakusanyaji na wa mitaala. Lugha yenyewe haiujui, maadamu iliziita kazi zote mbili kwa kitenzi kimoja.

Ukumbi wa Pate

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unakadiriwa kutungwa baina ya mwaka 1810 na 1820, wakati nguvu za Pate zilipokuwa zimevunjika. Vita vya Shela, ambamo watu wa Lamu waliyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa, vilitokea katika kipindi hicho hicho, takriban mwaka 1812 au 1813. Mshairi anausemesha moyo wake na kuuonyesha kilichowapata matajiri wa mji: majumba yao, taa zao zilizoufanya usiku kuwa kama mchana, vyombo vyao vya thamani, na hatimaye makaburi yao.

Katikati ya orodha hiyo upo ubeti unaoeleza namna matajiri hao walivyolala. Mshairi anawataja watumishi wa aina tatu waliouzunguka usingizi wao: wakandi walioukanda mwili, wapepezi walioipoza hewa, na watumbuizi, wanawake waliojipamba, walioimba bila kunyamaza. Aghalabu wahakiki wameuhesabu ubeti huu pamoja na beti za taa na mito, kama kielelezo kimoja zaidi cha anasa iliyopita. Usomaji huo si wa makosa, lakini unapitwa na jambo kubwa. Taa na mito ni vitu. Watumbuizi ni watu, na mshairi aliwaweka katika orodha ya mali.

Tukiutafakari ubeti huo kwa kuulinganisha na desturi ya kubembeleza, kinachojitokeza mara moja ni kule kutonyamaza. Mlezi ambembelezaye mtoto hunyamaza. Kunyamaza ndiko kunakoonyesha kwamba wimbo umefaulu: macho ya mtoto yakifumba, sauti hupungua, mapigo ya mkono mgongoni hupungua, na hatimaye mlezi huondoka taratibu kwenda kushika shughuli nyingine. Urefu wa bembelezi hauamuliwi na mtunzi wala na mwimbaji, bali na msikilizaji. Katika ukumbi wa Pate mambo ni kinyume. Uimbaji unaendelea hata baada ya usingizi kupatikana, kwa maana kipimo chake si haja ya aliyelala, bali daraja lake. Tajiri anaimbiwa akiwa hasikii, na huko kuimbiwa bila kusikia ndiko kunakodhihirisha uwezo wake juu ya wengine. Anasa kubwa kuliko zote katika utungo huo yamkini si kitanda wala mto. Ni kuwa na mtu anayekesha kwa ajili ya usingizi wako, na usiwe na haja ya kumjua jina.

Shairi haliwataji watumbuizi kwa majina, wala halisemi walipumzika saa ngapi. Historia ya miji ya pwani inatoa muktadha. Nyumba za waungwana zilihudumiwa kwa kazi ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria kisiwani Zanzibar hadi mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Msomaji wa Al-Inkishafi anayeyajua haya hawezi kuisikia sauti ya watumbuizi kama pambo la ukumbi tu.

Utungo wenyewe una namna yake ya kulipa deni hili, ingawa huenda mshairi hakukusudia hivyo. Baada ya beti za fahari zinafuata beti za magofu, na tofauti baina yao, mbali na kuwa ya macho, ni ya masikio pia. Mahali palipokuwa na nyimbo zisizokatika sasa hapana sauti ya binadamu, hata ya chini. Katika madaka yaliyopangwa vyombo wamelala makinda ya ndege, na katikati ya nyumba bundi anakoroma. Kitenzi hicho, kukoroma, ndicho alichokichagua mshairi, na katika Kiswahili ni kitenzi cha mlio wa kiumbe na cha aliyezama usingizini kwa pamoja. Nyumba iliyoajiri sauti ili bwana wake alale sasa imebaki na mkoromo usio wa bwana. Watumbuizi wamenyamaza hatimaye, na aliyewanyamazisha si usingizi bali historia.

Hapa ndipo dhamira ya utungo inapokutana na suala la sauti. William Hichens, aliyeuhariri mwaka 1939, alilifasiri jina lake kwa maana ya kuamka kwa nafsi, na kweli mshairi anauliza kwa nini moyo wake hauzinduki. Al-Inkishafi ni utungo wa kuamsha, uliotungwa dhidi ya utumbuizo. Lakini unatumia silaha ya utumbuizo huo huo: kila ubeti, tangu wa kwanza, unafungwa kwa kina kimoja kisichobadilika, nacho kinalirudia sikio kama mkono unaopiga mgongo wa mtoto. Tofauti ni kwamba katika bembelezi marudio hayo yanamwambia msikilizaji kwamba hakuna la kuogopa, ilhali katika Al-Inkishafi yanamwambia kwamba lililowapata wenzake litampata naye.

Kutoka sauti hadi kimya

Takriban miaka 40 baadaye, mnamo mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa wasia. Mwana Kupona alikuwa mgonjwa, na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki. Miongoni mwa mafunzo yake yapo yanayohusu usingizi wa mume. Mke anausiwa asimwamshe, asipaze sauti, wala asiondoke alipo, ili mume azindukapo asihangaike kumtafuta. Na akiamka, mke amwandalie chakula na kuuhudumia mwili wake kwa kuusinga na kuuosha.

Tukizilinganisha matini hizi mbili, tunaona kwamba kazi zilizogawanywa kwa watu wengi katika ukumbi wa Pate zimekusanywa mikononi mwa mwanamke mmoja. Mkandi na mlinzi wa usingizi sasa ni mke. Kinachokosekana ni wimbo. Badala ya sauti isiyonyamaza, Mwana Kupona anausia kimya kisichoondoka. Wahakiki waliojadili utendi huu kwa mkabala wa kijinsia wamekizungumzia sana kimya hiki kama alama ya unyonge. Usomaji wa kihistoria unaongeza jambo la pili: kimya cha Mwana Kupona ni kazi, sawa na wimbo wa watumbuizi. Mwenye kukaa kimya kando ya aliyelala naye yu macho. Anahesabu pumzi za mwingine na kuzizuia zake. Ni kazi isiyoacha alama yoyote ya kunukuliwa, na kwa sababu hiyo ni rahisi kuisahau. Kama mwanamke mmoja asingeiweka katika mizani, isingekuwa na ushahidi wowote katika fasihi.

Sauti bila maneno

Imani kwamba sauti na mwendo huleta usingizi si ya Waswahili peke yao, wala si ya juzi. Plato, katika kitabu cha saba cha Sheria, anaeleza kwamba walezi wakitaka kuwalaza watoto wasiotulia hawawanyamazii wala kuwaacha bila kutikiswa. Huwabembea na kuwaimbia. Ibn Sina, katika Qanun yake ya tiba ya karne ya 11, anauhesabu mtikiso wa upole na uimbaji uliozoeleka wa kulaza watoto kuwa mahitaji mawili ya mtoto mchanga. Wote wawili waliijua desturi hii kutoka kwa wanawake waliolea, nao hawakudai kuivumbua.

Utafiti wa miongo ya karibuni umeipima imani hii, na matokeo yake yanawahusu wahakiki wa fasihi kwa namna ambayo huenda isiwapendeze. Mwaka 2008, László Harmat na wenzake nchini Hungaria walichapisha uchunguzi uliohusisha wanafunzi 94 wenye matatizo ya usingizi. Kundi moja lilisikiliza muziki wa klasiki kwa dakika 45 kila usiku kwa muda wa wiki tatu; kundi la pili lilisikiliza hadithi zilizosomwa na kurekodiwa; kundi la tatu halikupewa chochote. Usingizi wa kundi la muziki uliboreka. Wa kundi la hadithi haukuboreka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022, yaliyojumlisha majaribio 13 na washiriki 1,007, yalihitimisha kwamba kusikiliza muziki kunaweza kuuboresha usingizi wa watu wazima wenye tatizo hilo, kwa tathmini yao wenyewe. Nao Constance Bainbridge na wenzake, katika uchunguzi wa mwaka 2021 uliohusisha watoto wachanga 144, waligundua kwamba watoto hao walitulia zaidi na mapigo ya mioyo yao yakapungua waliposikia bembelezi za jamii ngeni, katika lugha wasizozijua, kuliko waliposikia nyimbo nyingine za jamii hizo hizo.

Maana yake ni bayana. Anayelazwa hana haja na maneno. Mwendo wa taratibu, sauti ya chini, marudio na kutokuwapo kwa mishtuko ndivyo vinavyofanya kazi. Bembelezi ya Kigiriki ingemlaza mtoto wa Siyu, na ya Siyu ingemlaza wa Budapest.

Maneno ni ya nani?

Swali linalozuka ni hili: ikiwa maneno si ya lazima kwa anayelazwa, kwa nini bembelezi zina maneno, tena mengi yenye uzito? Kila aliyewahi kuzikusanya anajua kwamba hazisemi usingizi pekee. Zinasema kwamba mama ameenda shambani au sokoni na hajarudi. Kwamba baba yuko mbali. Kwamba asiyenyamaza ataliwa na fisi au zimwi. Kwamba kipo chakula, au kwamba hakipo. Vitisho na masikitiko haya huorodheshwa katika vitabu kama sifa za utanzu, bila kuulizwa vinamfaa nini mtoto wa miezi mitano asiyemjua fisi wala njaa kwa jina.

Mshairi wa Uhispania Federico García Lorca alilikabili swali hili katika mhadhara wake wa mwaka 1928 kuhusu bembelezi za nchi yake. Alishangazwa na huzuni ya nyimbo hizo, na miongoni mwa maelezo aliyoyatoa ni kwamba waimbaji wake walikuwa wanawake maskini, wakiwemo mayaya na wanyonyeshaji wa kuajiriwa walioziingiza katika nyumba za matajiri. Mtoto wa tajiri alilala kwa wimbo uliotungwa na taabu ya mwingine. Uhusiano huo ndio ule ule wa ukumbi wa Pate, isipokuwa Lorca aliuliza ni nani anayeimba.

Jibu linalopendekezwa hapa ni kwamba maneno ya bembelezi ni ya aliye macho. Sauti imekwenda kwa mtoto, na maneno yamebaki kwa mlezi. Dada mkubwa aliyeachiwa mtoto, yaya aliye mbali na kwao, mama ambaye kazi zake zinamngoja, kila mmoja wao ana msikilizaji asiyeweza kumlaumu wala kumsengenya. Anaweza kusema lililomo moyoni mradi tu asivunje mwendo wa wimbo. Bembelezi, kwa mtazamo huu, ni utanzu wenye hadhira mbili zilizotengana: moja isikiayo bila kuelewa, na moja ielewayo lakini ambayo ndiyo yenyewe inayosema. Ni vigumu kuupata utanzu mwingine wa fasihi simulizi wenye muundo huo, na ni ajabu kwamba ndio unaohesabiwa kuwa mwepesi kuliko wote.

Mtazamo huu unabainisha pia kasoro ya namna nyimbo hizi zilivyohifadhiwa. Wakusanyaji wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 waliandika zaidi maneno, kwa kuwa kalamu na karatasi ndivyo vyombo walivyokuwa navyo. Walihifadhi nusu ya mlezi na kuipoteza nusu ya mtoto. Vyombo vya kunasia sauti vilipoenea, kama katika safari za Hugh Tracey za kurekodi nyimbo Afrika Mashariki mwaka 1950 na 1952, muziki uliwezekana kuhifadhiwa. Hata hivyo, bembelezi inayoimbwa mbele ya mashine inaimbiwa mashine. Mtoto hayupo wa kuamua iishe lini, nayo huisha pale mwimbaji anapoona kwamba mgeni ameridhika.

Hitimisho

Siku hizi usingizi umekuwa bidhaa, na sauti za kuuleta, ziwe za muziki mwororo, mvua au mawimbi, huuzwa na kusikilizwa kwa simu usiku kucha. Ni rahisi kuliona hili kama jambo geni lisilohusiana na historia iliyoelezwa hapa. Ukweli ni kwamba simu iliyowekwa kando ya mto ni mtumbuizi wa Pate aliyekamilika: haichoki, haidai, haina jina, na hainyamazi hata aliyelala anapokuwa ameshazama. Linalopatikana ni kubwa, kwani anasa ya wachache imewafikia wengi, na hakuna anayelazimishwa kukesha kwa ajili yake. Linalopotea ni lile jicho la mlezi lililokuwa likiangalia kama wimbo umetosha, na pamoja nalo maneno aliyokuwa akijisemea.

Kwa uhakiki wa fasihi, jukumu ni la namna mbili. Kwanza, bembelezi na utumbuizo havina budi kurejeshwa katika historia moja, ili mwanafunzi anayeusoma ubeti wa watumbuizi katika Al-Inkishafi ajue kwamba anasoma juu ya kazi ambayo huenda bibi yake aliifanya. Pili, bembelezi zinapokusanywa, mwimbaji aulizwe yeye mwenyewe alikuwa wapi, analea mtoto wa nani, na nini kilikuwa kikimngoja mtoto atakapolala. Mtoto hawezi kujibu maswali hayo, alikuwa amelala. Aliyekuwa macho anaweza, na waimbaji wengi wa kizazi cha zamani bado wapo wa kuulizwa.